Chupa Mbili za Januari

Januari alikuwa amekwisha kukunja mkono wa shati mpaka begani, na Nyamizi mkewe ameanza kushusha pumzi, muuguzi Asteria alipoleta chupa mbili za dripu badala ya moja. Mkono ukarudi chini ya shuka.

"Ya pili ya nini?" Sauti ilikwaruza. Saratani ilikuwa imeota kooni na kushuka shingoni.

"Hii ni kemo, mzee wangu, inaupiga ugonjwa. Hii nyingine inaamsha kinga ya mwili wako. Daktari anataka upate zote. Hakuahidi kuung'oa, anakutafutia muda zaidi, wenye nafuu."

Januari akatikisa kichwa. Kwao Segese, nani asiyejua? Dawa za waganga wawili zikikutana mwilini hupigana, na kinachoumia ni wewe.

"Moja. Nyingine mrudishieni mwenyewe."

Nyamizi alimjua. Huyu alishuka maduara, mashimo ya dhahabu ambayo wenzake waliyakimbia. Ukibishana naye, umemchochea. Lakini tangu uchumba wao hajawahi kukimbia kitendawili.

"Baba Eunice, kitendawili!"

Januari akamtazama. Hapa, mbele za watu? "Tega."

"Mwizi kalala zizini mwangu, sungusungu wa kijiji wanapita wanamwamkia."

Akawaza. Wa kitanda cha jirani naye akawaza. "Shemeji!" akaropoka, wodi ikacheka.

"Nimeshindwa," Januari akasema. "Nakupa mji. Chukua Mwadui na almasi zake."

"Siutaki."

"Basi Buseresere."

"Sitaki mji, Baba Eunice. Nipe mkono."

Januari akameza mate, kwa maumivu. "Tegua kwanza."

"Mwizi ni huo uvimbe. Kavaa nguo za nyumbani, walinzi wa mwili wako wanamdhania ndugu. Chupa moja inamchapa. Nyingine inawafumbua macho sungusungu: jamani, huyu si wetu! Mganga ni mmoja, mume wangu. Katuma watu wawili."

Januari akaziangalia zile chupa, hii, kisha ile. Halafu mkono ukatoka chini ya shuka, polepole, wenye makovu ya sururu, ukamwendea Nyamizi, si Asteria. Nyamizi akaushika kiganja, akaukunjua, sindano ya Asteria ikaingia.

"Mjinga wewe," Januari akanong'ona, macho yamelowa. "Ungechukua Mwadui."