Anko wa Bibi Harusi

Kiingereza kina uvivu wake. Mjomba, baba mkubwa, baba mdogo, wote kimewatia kapu moja na kuwaita anko; watu wa mjini nao wakaongeza humo dereva, mwenye nyumba na muuza chipsi. Semeni alikulia Kihonda, huko huko mjini, na kwake kila mwanamume mwenye mvi alikuwa anko.

Lakini Mluguru hachanganyi mambo hapo. Mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Semeni alilijua hilo vizuri, maana mama yake alipofariki, Mjomba Maneno wa Kinole, kijijini mlimani, ndiye aliyemlea kila likizo, akamtunzia na sehemu ya mama yake katika shamba la ukoo.

Siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga Semeni anayeolewa, mzee alishuka mlimani na mkeka mpya aliousuka mkewe. Kwao mwari hukalishwa juu ya mkeka, mjomba akamwekea mkono kichwani, akamwombea kwa wazee wa ukoo. Hapo ndipo huwa ametolewa.

"Tunamwomba anko wa bibi harusi aje amtoe mwari wetu," MC akatangaza.

Wakainuka wawili. Mjomba Maneno, mkeka kwapani, makobazi yana tope la Kinole. Na Godfrey, rafiki wa baba yake Semeni, mwenyekiti wa kamati, ndani ya suti iliyonyooka. MC akamtazama Semeni amwonyeshe ni yupi.

Semeni alijua ni yupi. Akayatazama makobazi, akaitazama kamera.

"Karibu, anko," akasema, huku akimtabasamia Godfrey.

Mjomba Maneno akaketi polepole, akausukumia mkeka chini ya meza. Akala pilau yake, na kabla keki haijakatwa akaondoka, mkeka kwapani.

Majuto ni mjukuu, na ya Semeni hayakukawia. Kila alipofungua albamu, ile picha ya Godfrey aliiruka. Mvua zilipokatika akapanda Kinole na sukari, na kitenge cha mke wa mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Karibu sana."

Alimkaribisha kwa ukarimu uliomtisha. Alimtolea kiti, akakifuta kwa kanga ya mkewe. Ule mkeka ulikuwa umetandazwa barazani, juu yake umeanikwa mdalasini.

"Nitakaa mkekani, mjomba. Nimezoea."

"Hapana, utachafuka."

Semeni akakaa kitini, akalia. "Siku ile nilijua ni wewe, mjomba. Nilikuonea haya. Nisamehe."

"Yalishapita hayo," mzee akasema, akainama kuugeuza mdalasini wake.

Mwanahawa, jirani aliyehamia juzi, akapita na mtungi wake. "Leo una ugeni, mzee Maneno?"

"Ee," akajibu bila kuinua uso. "Anti mmoja, katoka mjini."