Ng'ombe wa Bibi Yuditha

Aikaeli alikuwa amechuchumaa bandani anakamua aliposikia gari likipanda kwa gia ndogo kutoka upande wa Kiboriloni. Huku Mbokomu, gari la asubuhi namna hiyo ama limeleta msiba, ama limefuata kitu. Kengele ya kanisa haikuwa imelia. Aikaeli akaongeza mwendo wa mikono.

Ng'ombe mwenyewe aliitwa Sikukuu kwa sababu alizaliwa Krismasi. Alikuwa mpole, mwenye mabaka meusi, na mlaji kwelikweli. Bei ya pumba ilikuwa imepanda tena wiki ile, mashudu ndiyo usiseme, kwa hiyo Aikaeli alimkatia vigogo vya migomba kwa panga na kumfuatia majani mpaka bondeni, akayabeba kichwani. Maziwa aliyauza, na ndiyo yaliyolipa rejesho la mkopo kila Ijumaa. Ijumaa mbili zilizopita hakulipa, maana binti yake Winfrida, aliyeko chuo cha uuguzi, alipiga simu akilia kwamba bila kumalizia ada hatoingia kwenye mtihani. Sasa mzazi ungefanyaje?

Pikapu ikasimama mbele ya nyumba. Akashuka Mashaka, afisa mikopo wa Simama Chapchap, kijana wa mjini mwenye fulana ya njano ya kampuni, na mabaunsa wawili nyuma yake. Kwenye gari palikuwa na godoro, televisheni na cherehani. Ile cherehani Aikaeli aliitambua mara moja. Ilikuwa ya Esther, fundi nguo, jirani yake wa chini, ambaye walikopa naye siku moja.

"Shikamoo, mama," alisema Mashaka. Adabu alikuwa nayo, hilo lazima lisemwe.

"Marahaba. Mashaka, si nilikwambia mwisho wa mwezi?"

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Nisiporudi na kitu wananikata mshahara wangu. Ndivyo tunavyoishi pale." Akawageukia wenzake. "Mfungueni huyo ng'ombe."

"Ng'ombe si wangu."

"Kila nyumba ninayoingia naambiwa hivyo. Televisheni ya shemeji, kabati la mgeni. Haya, ng'ombe ni wa nani?"

Aikaeli akanyamaza.

Hapa inabidi nieleze, maana asiyekulia mlimani atamwona mjinga. Ukikuta ng'ombe kwenye banda la mtu huku juu, usidhani ni wake. Mwenyewe anaweza kuwa yuko kijiji cha tatu. Amempa mtu anayemwamini amtunzie: maziwa na samadi ni vya mtunzaji, ndama ni wa mwenye mali. Na mwenye mali hapendi kutajwa. Akitajwa, watoto wake watajua ana ng'ombe wangapi, na wakishajua hawatamwacha apumue mpaka wauzwe. Kwa hiyo mtunzaji hufunga mdomo, na majirani hawaulizi. Kuuliza ng'ombe ni wa nani ni kukosa malezi. Sikukuu alikuwa wa Bibi Yuditha, mjane mwenye umri wa kumzaa Aikaeli, na agano lao lilikuwa hilohilo: asijue mtu.

Mashaka, mtoto wa mjini, angeyajulia wapi hayo? Siku alipokuja kukagua nyumba kabla ya mkopo alipiga picha kila alichokiona, na ng'ombe akawamo. Hakuuliza. Aikaeli naye, ambaye ile laki nne aliihitaji jana yake, hakusema. Alidhani picha ni picha tu. Akatia saini palipowekwa alama, mkataba wakaondoka nao, yeye wakamwachia kalenda ya kampuni yenye picha ya mlima.

"Wa nani, mama?" Mashaka aliuliza tena, safari hii kwa upole.

"Wa mtu."

"Mtu hana jina?"

Analo. Lakini jina hilo halikutoka. Sikukuu alisukumwa, akavutwa, akapandishwa juu ya pikapu pembeni ya cherehani, akageuza shingo kumtazama Aikaeli. Gari likateremka.

Deni la kampuni, hata liwe chungu namna gani, lina siku ya kwisha. Kumpotezea mtu ng'ombe hakuishi. Watakuja kuambiwa mpaka wajukuu kwamba bibi yao aliweka rehani mali ya mjane, na hakuna mtu Mbokomu atakayempa hata kuku amtunzie. Aikaeli alikaa kwenye kizingiti cha banda akalia, kisha akanawa uso, akavaa khanga safi. Pale mpakani mwa kihamba chake, lile shamba la migomba la nyumbani, alichuma jani la isale. Ukimkosea mtu kosa kubwa unampelekea jani hilo, na yeye akilipokea amekusikiliza. Akalitia kwenye mfuko, juu ya ile kalenda, ushahidi pekee aliokuwa nao.

Lakini alijaribu kwanza kuokoka bila kulitumia. Alikwenda halmashauri, kwa sababu redio ilikuwa inasema siku hizi kausha damu, hao wakopeshaji wa riba kubwa, wamebanwa, serikali imeweka kanuni, mwananchi asiogope. Akakaa kwenye benchi mpaka chai ya maafisa ikaisha. Bwana Godwin, anayeshughulikia malalamiko ya mikopo, alimsikiliza huku akitikisa kichwa.

"Mama, sheria iko upande wako kabisa," alisema. "Walitakiwa wakueleze riba yote kabla hujasaini. Walitakiwa wakupe taarifa kabla ya kuchukua mali. Na walitakiwa wakupe nakala ya mkataba."

Aikaeli akahisi kifua kinafunguka. "Basi nisaidie, mwanangu."

"Nakusaidia. Lete nakala ya mkataba nifungue jalada."

"Hawakunipa."

"Ndiyo, hilo nalo ni kosa lao."

"Sasa?"

"Sasa bila nakala mimi sina pa kuanzia."

"Walinipa kalenda." Akaitoa, akaikunjua mezani.

Bwana Godwin aliitazama ile picha ya mlima, akaigeuza nyuma kama labda pameandikwa kitu, akamrudishia. Alimshauri aende kwenye kampuni akaombe nakala. Aikaeli alishukuru, maana umefundishwa kushukuru, akatoka nje na hasira zake.

Ikabaki isale. Bibi Yuditha alikuwa mjini mwezi huo, Shanti Tauni, kwa mwanawe Wilson, akitibiwa magoti. Wilson kila mtu Mbokomu alimfahamu kwa gari lake na kwa mchango wake kanisani. Kazi yake halisi wachache waliijua. Walisema tu yuko kwenye mambo ya fedha.

Bibi Yuditha alikuwa barazani, miguu juu ya kigoda, amefunga kitambaa kichwani, anachambua mchicha ambao dada wa kazi angeweza kuuchambua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sikukuu hajambo?"

Aikaeli alipiga magoti akampa lile jani kwa mikono miwili. Lilikuwa limesinyaa kwa joto la mfukoni. Bibi Yuditha aliacha mchicha. Alilitazama jani kwa muda, halafu akalipokea, akaliweka mapajani.

"Amekufa?"

"Amechukuliwa. Nilikopa kwa ajili ya ada ya Winfrida, bibi. Walimpiga picha na mimi sikusema. Leo wamekuja wakaniuliza ni wa nani."

"Ukawaambia?"

"Sikuwaambia."

"Wewe uliona bora wamchukue kuliko kunitaja."

"Si ndivyo tulivyoagana?"

Bibi Yuditha akavuta pumzi ndefu. Hasira alikuwa nayo, ungeiona kwenye mdomo, lakini jani alikuwa amelipokea. "Wanaitwaje hao watu?"

"Simama Chapchap." Aikaeli akaitoa tena ile kalenda, kwa kukosa kitu kingine cha kuonyesha.

Yule bibi hakuishika. Alinyoosha kidole kuelekea mlangoni mwa sebule. Chini ya meza, ndani ya boksi, palikuwa na kalenda kama zile, mlima uleule, mamia kwa mamia, zimefungwa kwa kamba.

"Nilimuuliza Wilson hizi za nini," alisema polepole. "Akaniambia ni zawadi kwa wateja. Nipe fimbo yangu."

Walikwenda kwa bajaji. Ofisi ya Simama Chapchap ilikuwa na kioo mbele na leseni ukutani. Vitu vilivyochukuliwa vilikuwa nyuma, uani: magodoro, meza, friji, pikipiki moja isiyo na tairi. Akina mama kadhaa walikuwa wamekaa kando ya ukuta wakisubiri kuonana na mtu. Sikukuu alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya tangi la maji, kiwele kimejaa mpaka kinang'aa, analia. Asubuhi hakumalizwa kukamuliwa. Aikaeli hakuomba ruhusa. Alichukua ndoo ya kudekia iliyokuwa mlangoni, akachuchumaa, akamkamua. Maziwa yale hayakufaa kunywewa, akayamwaga pale pale kwenye saruji yao.

Wilson alitoka kuangalia kelele ni za nini. Alipomwona mama yake akasimama.

"Shikamoo, mama. Umekuja na nani? Magoti je?"

"Marahaba. Nimefuata ng'ombe wangu."

"Ng'ombe gani?"

"Huyo."

Wilson akamtazama Sikukuu, akamtazama Aikaeli, akamtazama Mashaka, ambaye alikuwa anaangalia viatu vyake. "Mama, wewe una ng'ombe?"

"Ninaye. Na wengine ninao, na sikuambii wako wapi. Ningekuambia, ungewauza mwaka ule ulipokuwa unanunua gari."

Kando ya ukuta mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Tuingie ndani tuongee, mama."

"Sina siri. Leseni yako hiyo niliyoiona ukutani, imesema mkamchukue ng'ombe wa mama yako?"

"Hatukujua ni wa kwako. Yupo kwenye dhamana ya mteja."

"Mteja alikopa ngapi?"

"Laki nne," akajibu Aikaeli. "Nimesharudisha laki tano na nusu."

"Na bado anadaiwa?"

Wilson alianza kueleza. Kulikuwa na riba, kulikuwa na ada ya fomu, kulikuwa na bima, faini ya kuchelewa, na gharama za ufuatiliaji. Alieleza vizuri, bila kigugumizi, kwa sauti ya kila siku, mpaka mama yake alipomkatiza.

"Ufuatiliaji ni nini?"

"Gari, mama. Mafuta, vijana."

"Gari lililokuja kuiba ng'ombe wangu linalipiwa na huyu?"

"Ndio utaratibu. Kampuni zote ziko hivyo."

"Sikuulizi kampuni zote. Kampuni zote sikuzizaa mimi."

Wilson alijipangusa uso kwa kitambaa. Wafanyakazi walikuwa wamejaa dirishani. Akamwambia Mashaka afute faini zote, deni la mama huyu limekwisha, na ng'ombe arudishwe kwa gari la ofisi. Aikaeli alisikia maneno yale akahisi kama ametuliwa mzigo wa majani kichwani. Shingo yenyewe ilinyooka. Alitaka kucheka, alitaka kukaa chini, alitaka kumpigia Winfrida simu.

Badala yake akasema, "Naomba nakala."

"Nakala ya nini, mama?" aliuliza Mashaka.

"Ya mkataba. Na karatasi kwamba nimemaliza. Yenye muhuri."

Wakamletea. Karatasi zilikuwa bado zina joto la mashine. Alizikunja akaziingiza kifuani, na ile kalenda akaiacha juu ya ukuta.

Sikukuu alipandishwa garini, safari hii bila kusukumwa. Mashaka akashika mlango ili Bibi Yuditha akae mbele. Hapo ndipo Aikaeli aliiona tena ile cherehani, imewekwa juani, gurudumu lake limegeukia ukutani.

"Na hii?" aliuliza.

"Hiyo ni ya nani?" Wilson alikuwa na haraka ya kuwaona wameondoka.

Ilikuwa ya Esther. Aliinunua mwenyewe, kwa kushona sare za shule miaka na miaka, na hakuna mtu mwingine duniani mwenye haki nayo. Kwa sababu hiyo hasa ingebaki pale. Ng'ombe alitoka kwa kuwa hakuwa wa mdaiwa, na mdaiwa alitoka kwa kuwa ng'ombe alikuwa wa mama wa bosi. Zile kanuni za kwenye redio hazikuwa zimegusa hata kamba ya Sikukuu. Aikaeli aliyaona yote hayo kwa pamoja. Asubuhi alikuwa ameulizwa jina akanyamaza. Safari hii jina lilitoka lenyewe.

"Ya mama yako," alisema.

Wilson akageuka. "Mama?"

Bibi Yuditha hakupepesa jicho. "Yangu. Nilimpa Esther anitunzie."

"Mama, wewe hujui kushona."

"Ndiyo maana nikampa Esther."

Wilson angebisha nini? Mtu ambaye hakujua mama yake ana ng'ombe, angeapa vipi kwamba hana cherehani? Akamwashiria baunsa. Cherehani ikapanda garini, ikakaa pembeni ya Sikukuu kama ilivyokaa asubuhi.

Mashaka akawasha gari. Alikuwa anatabasamu, ingawa alijua watamkata. Walikuwa wameshaanza kurudi nyuma kuelekea getini pale mwanamke mmoja alipoinuka kando ya ukuta. Alikuwa Hadija, muuza maandazi, ambaye Aikaeli hakuwahi kumwona kabla ya siku ile. Alikuja mpaka dirishani, akajifunga mtandio vizuri, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Lile friji pale, la rangi ya kijivu." Akalinyooshea kidole. "Nalo si lako?"

Nyuma yake wanawake wengine walikuwa wanainuka. Bibi Yuditha alimtazama Hadija, akalitazama friji, akamtazama mwanawe aliyesimama mlangoni. Kisha akamwambia Mashaka azime gari.