Paa la Kamba

Nimejenga nyumba kumi na tatu maishani mwangu, na zote zilikuwa za kufunguliwa asubuhi moja. Kambini Tanzania, tulipokuwa wakimbizi, wakisema hameni, unakata kamba, unabeba miti ya paa, kuta unaiachia mvua. Ndio ufundi wangu huo, na asinidharau mtu.

Sasa huyu Charlotte, injinia Mkongo wa kutoka Bukavu, umri wa binti yangu, akaja kukagua banda la kupumzikia tunalojenga kwenye bustani ya mji, Gitega, huku kwetu Burundi. Matofali ni ya udongo wa kushindilia, hayakula hata ukuni mmoja. Paa ni la miti ya mikaratusi. Akapanda ngazi, akavuta kamba zangu.

"Papa Nazario, hii toiture iko inashikwa na nini?"

"Paa? Kamba. Ya katani, nzuri."

"Na kamba iko inashikwa na nini?"

"Tofali la juu."

"Basi upepo itabeba vyote viwili. Hii paa iko mwepesi, inapaswa kushikwa na uzito ya ukuta yote. Vunja mistari saba ya matofali, ulaze waya kule chini, ujenge tena. Mpaka vendredi, papa. Ukishindwa, nitatafuta fundi mwingine."

Mistari saba! Jamani, na mgongo wangu huu uliokwisha zamani. Nilimnunia siku nzima. Lakini nilivunja, maana kazi nyingine sina, na watoto wa watu watakaa chini ya paa lile. Ijumaa akapanda tena, akavuta, halikutikisika. "Voilà," akasema, akanipa waya uliobaki.

Jumamosi nikafika nyumbani Muyinga, hoi. Nikajilaza, nikatazama juu. Kamba! Mwaka wa sita tangu turudi, na paa letu bado lina mafundo yale yale ya kufunguka upesi. Niliona aibu. Nikachukua nondo, nikatoboa ukuta kwa chini nipitishe waya, kisha nikapanda na panga kukata kamba ya kwanza.

Mke wangu Efrazia akatoka jikoni, akaniona kule juu nakata kamba. Akarudi ndani. Niliposhuka kuchukua waya, nikamkuta ameshakunja mikeka, sufuria zimo guniani, anafunga gunia.

"Wamesema tuhame lini?" akauliza.

"Hakuna aliyesema, mama Adriano. Nalifunga paa. Kwa waya."

Akakaa juu ya gunia, akalia kwa sauti. Nilipopanda tena, alikuja kunishikia ngazi.