Mkono Mmoja wa Gauni

Njia ya mwongo ni ndefu. Wanaosema ni fupi hawajawahi kukaa kwenye duka la fundi cherehani, mahali ambapo uongo wa Jumatatu hutembea hadi Ijumaa, ukapumzika, ukanywa maji, ukaendelea na safari mwezi mzima bila hata kuchechemea.

Aliyeusindikiza uongo huo katika duka la shangazi yake ni mwanamke waliyemwita Bi Kesho. Jina alipewa na wateja, likamganda kama nyuzi kwenye sketi nyeusi. Shangazi alishona nyuma ya pazia. Yeye alikaa mbele, karibu na benchi la wateja, na kazi yake ilikuwa kuwaambia watu kwamba nguo iko tayari, imebaki vifungo tu. Alikuwa ameyasema maneno hayo mpaka yakamwingia kwenye damu. Jioni moja nyumbani, Shangazi alipouliza kama maji ya kuoga yamechemka, alijibu kwamba yamebaki vifungo.

Podikasti ililetwa na binamu yake, mtoto wa Shangazi, aliyesomea biashara na asiyemruhusu mtu kusahau. Ni kipindi cha kusikiliza kwenye simu, akaeleza. Watu wataosha vyombo huku wakitusikia. Shangazi akauliza nguo huonekanaje kwa masikio. Binamu akasema huko ndiko dunia inakoelekea, naye Shangazi akajibu kwamba dunia ikifika imsalimie. Lakini mtoto ni mtoto, akakubali. Maikrofoni ikafungwa kwenye chumba cha kupimia, ambamo magauni yaliyoning'inia yaliumeza mwangwi. Na kwa kuwa binamu mwenyewe alikauka koo kila taa nyekundu ilipowaka, kazi ikamwangukia Bi Kesho. Mgongo uliozoea mzigo hauulizwi.

Vipindi vya mwanzo alisoma alichoandikiwa: karibuni kwa Shangazi, ahadi yetu ni ahadi. Wasikilizaji walikuwa ndugu, na ndugu wenyewe hawakufika mwisho.

Kisha akaja muuguzi.

Muuguzi alikuwa ameleta kitambaa cha zambarau, ashonewe gauni la kuagwa kazini. Kila alipokuja, Bi Kesho alimwonyesha mkono mmoja, umeshonwa safi na kupigwa pasi. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya duka. Kitambaa kikiingia tu, Shangazi hukata mkono mmoja na kuushona. Mteja akiuona, moyo hutulia. Akikasirika, hana pa kwenda, maana fundi gani atapokea kitambaa ambacho mwenzake ameshakitia mkasi? Gauni lenyewe hubaki kwenye mfuko hadi Mungu apende.

Siku hiyo muuguzi hakuja kudai. Alikaa kwenye benchi, akavua viatu, akasema kwa sauti ndogo kwamba ameshaagwa. Alikwenda na sare. Wenzake walidhani amefanya makusudi, kwa kuipenda kazi, wakampigia makofi. Kisha akasinzia pale pale, kichwa ukutani. Bi Kesho akamtazama, na uchovu wake mwenyewe ukampanda kutoka kwenye nyayo. Alitafuta la kusema. Hata vifungo vilimkimbia.

Muuguzi alipoondoka, saa ya kurekodi ilikuwa imefika. Bi Kesho akaingia chumba cha kupimia, akasalimu kama kawaida, akaweka karatasi ya binamu chini, akaeleza habari za mkono mmoja. Hakupandisha sauti. Aliongea kama mtu anayevua nguo za kazi. Binamu, ambaye naye akisikiliza huishia kwenye salamu, akakirusha kipindi hewani bila kujua kilichomo.

Kipindi kikatoka simu hii kikaingia ile. Wateja wakafurika, na ajabu ni kwamba hawakugomba. Kila mmoja aliomba kwa adabu kuonyeshwa mkono wa pili. Wengi wakaondoka na vitambaa vyao, mkono mmoja ukichungulia mfukoni. Mafundi wa mtaa ule nao wakaja kwa pamoja, wakakaa kama waliokuja kuposa, wakamweleza Shangazi kwamba mpwa wake amewaharibia wote. Maana nao hukata mkono, ila wa duka la pili, yeye hukata kola.

Shangazi aliwasikiliza, akawasindikiza, akarudi na mkasi bado mkononi.

"Nimekulea humu humu," akasema. "Hujui kwamba kitambaa ukikikataa leo, hakirudi tena?"

"Najua, Shangazi."

"Sasa?"

"Nimechoka. Wewe unawadanganya kwa mkasi, na mkasi hauna uso. Mimi ndiye wananitazama."

Shangazi akakaa kitako kwenye benchi la wateja, ambalo huenda hakuwahi kulikalia. Akavinyoosha vidole vyake vilivyopinda, kimoja kimoja, na kwa kitambo kidogo alionekana kama naye ana lake la kusema. Alichosema ni kwamba Bi Kesho atarudi mle chumbani, aseme ulikuwa utani, awaombe radhi mafundi na Shangazi mwenyewe. La sivyo, kiti chake kitapata mtu mwingine, na kitanda chake pia.

Binamu akaandika ombi la radhi kwa herufi kubwa, akasimama kando ya pazia. Taa nyekundu ikawaka. Kule nyuma, cherehani ikanyamaza.

"Hamjambo. Ni mimi, Bi Kesho. Mwenye kitambaa cha bluu chenye maua, hakijaguswa. Mwenye suti ya mwanawe, hatujaanza, na hatutaanza karibuni, kwa sababu Shangazi ana kazi ya watu watatu na yeye pia amechoka, ingawa hatawaambia. Mama muuguzi, gauni lako nimelimaliza mwenyewe. Mshono wangu haufikii wa Shangazi, lakini lina mikono yote miwili. Kuagwa kumepita, najua. Hata sokoni mtu huvaa. Njoo ulichukue."

Binamu akaigonga karatasi kwa kidole.

"Nimeandikiwa hapa niombe radhi kwa niliyoyasema," akasema Bi Kesho. "Siombi."