Ntumba za Zita

Miaka ile biashara ya watu binafsi iliporuhusiwa, Meshack wa Sumbawanga mjini alikuja kufungua duka kwetu Mollo. Ili tumzoee, akatangaza mashindano: atakayelima ntumba nyingi kuanzia asubuhi mpaka saa sita mchana atapewa plau mpya. Ntumba ni yale matuta yetu ya mviringo. Unakata udongo pamoja na nyasi zake, unageuza, unafukia nyasi zioze ndani ziwe mbolea. Mwamuzi alikuwa mzee Clemens, na sharti lake lilikuwa moja: ntumba isiyofukia nyasi haihesabiwi.

Wanaume walijiandikisha hata wenye viuno vibovu. Mwanamke, hakuna hata mmoja.

Zita, mtoto wa kaka yangu, alikuwa mjane mwenye maksai wawili. Plau ya marehemu ilichukuliwa na shemeji yake Kasmir kabla hata matanga hayajaisha, na sasa alikuwa anawanyemelea maksai.

"Wanakula bure," alimwambia. "Mvua za kwanza zikikukuta huna plau, nawachukua."

Kwa jembe la mkono Zita hakuwa na wa kumfikia. Nikamshauri ajiandikishe.

"Sitaki, shangazi. Nikishindwa watanicheka, nikishinda watasema mimi si mwanamke."

"Na maksai wakienda, watasema nini?"

Akanyamaza. Mimi kunyamaza huko nikakuhesabu kuwa ndiyo. Darasa la nne langu halikwenda bure: nilifika dukani nikaandika jina lake kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, kwa herufi kubwa, anayepita alisome.

Alinijia amefura kama chungu cha pombe siku ya tatu. "Shangazi, umeniaibisha!"

"Basi nenda ukalifute, Kasmir akuone."

Hakulifuta.

Siku ilipofika wanaume walianza kwa makelele. Kasmir kila akimaliza tuta moja alinyoosha shingo kumchungulia jirani, kisha akaongeza mbio. "Shemeji," akampigia Zita kelele, "moto wako huko jikoni umezimika!"

Zita alikaza kitenge kiunoni, akainama, na tangu hapo uso wake sikuuona tena. Jembe lilipanda, likashuka, likageuza, mwendo ule ule, kama mtu anayetwanga peke yake nyumbani.

Saa sita Meshack akahesabu: wa kwanza Kasmir, sitini na mbili; wa pili Zita, hamsini na moja. Wanaume wakambeba Kasmir juu.

"Mshusheni kwanza," alisema mzee Clemens.

Akapita na fimbo yake, akichokoa tuta moja moja. Za Zita zilikuwa nzima zote. Za Kasmir, kadhaa ukichokoa, nyasi zimesimama wima humo ndani, kijani kibichi, zimemwagiwa udongo juu tu. Zikabaki thelathini na nane.

"Kasmir, mwanangu," nikasema, "hizi ni ntumba, au ulikuwa unafunika kuku?" Nilikuwa nauliza tu.

Zita aliipokea plau, akajitwika begani mwenyewe, akasimama mbele ya Kasmir. "Shemeji, maksai wamepata kazi."

Mvua za kwanza zilipoanza, ile plau ya marehemu ikavunjikia jiweni. Kasmir akaja, kofia mkononi, kuomba kuazimwa. Wanawake watano walikuwa wameshatangulia kuomba.

Zita akanigeukia. "Shangazi, si una kalamu? Mwandike wa sita. Kwa herufi kubwa."