Unga Chini ya Msonobari

Mkata matawi alikuwa amekwisha kupanda hadi karibu na kilele cha msonobari wa shule, kajifunga kamba kiunoni, msumeno wa mashine ukining'inia ubavuni. Mkewe, ambaye kazi yao ilikuwa moja, alibaki chini akikusanya matawi. Majani yalikuwa yamegeuka manjano, nao walidhani ni vidukari wanaoyafyonza. Wangepunguza matawi, kisha wapige dawa.

Mke akainama kuokota tawi. Penye shina akaona unga laini wa mbao. Akafukua udongo kwa ncha ya panga, yakatokea matundu yanayovuja utomvu. Akalisukuma panga shinani, likazama kama kwenye mkate. Lilipotoka, lilikuwa na buu jeupe, nono, linalojikunja.

Hawa hawakuwa vidukari. Walikuwa mbawakawa, na shina lilikuwa limeliwa ndani kwa ndani.

Juu, msumeno ukaanza kunguruma. Unga zaidi ukamwagika miguuni pake.

Akipiga kelele, mumewe atashtuka. Akishtuka, mti utatikisika. Akasubiri msumeno upunguze ngurumo, akaita kwa sauti tulivu.

"Baba watoto, hebu zima hiyo ushuke."

"Nimefika sasa hivi tu. Ushanikumbuka?"

"Nimekukumbuka. Shuka taratibu, usiegemee upande wa ukuta wa darasa."

Msumeno ukazimika. Mkewe hakuwa amewahi kumbembeleza kazini.

"Kuna nini?"

"Utaniuliza ukifika."

Akaanza kushuka. Kila aliposogeza mguu, shina lililia. Mke akalikumbatia kwa mikono miwili, akijua kabisa ni upuuzi, asiweze kuliachia. Mumewe alipokanyaga chini tu, mke akamshika shati na kumkokota hadi getini.

Mti haukuanguka. Ulisimama pale kama unawacheka.

"Umenishusha kwa ajili ya unga?" mume akacheka alipoelezwa.

Mke akampa panga. Mume akarudi peke yake, akachoma shina, panga likaingia hadi mpini. Cheko likamkauka mdomoni.

Waliomba watoto watolewe madarasani, wakafunga kamba ndefu, wakavuta kwa mbali. Mti ukaja kwa mvuto wa kwanza, lakini ukageukia pembeni, ukalalia ukuta wa darasa na kuubomoa. Shina lilipasuka, ndani mabuu tupu. Wakalichoma moto jioni ile ile.

Ilibaki misonobari mingine, kando ya njia ya watoto. Mke akapiga magoti penye wa kwanza, akaanza kufukua. Mumewe alichuchumaa karibu yake, naye akafukua. Shina lile lilikuwa zima. La pili lilikuwa na unga.