Fundi wa Viraka Tumboni

Kila asubuhi saa moja na nusu, kabla pasi hazijashika moto, msimamizi wa kiwanda cha mashati alipita na sinia la vidonge vya kutuliza maumivu. Sinia mkono wa kulia, daftari la mahudhurio mkono wa kushoto. Wanawake thelathini na wawili walipiga pasi wima kwa saa kumi, maana viti, alisema msimamizi, huzaa usingizi. Vidonge vilikuwa vya bure.

Mpiga pasi wa mikono ya mashati alimeza viwili kila siku, tumbo tupu, kwa miaka minne. Mgongo ukanyamaza. Kilichoanza kusema ni chembe cha moyo: kwanza kiungulia, kisha moto, kisha choo cheusi kama lami.

"Tumbo si jirani, mke wangu," mumewe alimwambia. "Ukilinunia halihami. Twende hospitali."

Daktari alimpulizia ganzi kooni, akamlaza ubavu wa kushoto, akamtia kipete cha plastiki katikati ya meno, na hapo akapitisha mpira mwembamba wenye taa na kamera. Kwenye kioo cha mashine likaonekana koo, ukafuata mlango wa tumbo, na ndani ya tumbo alikuwamo mama yake mpiga pasi, aliyefariki miaka sita nyuma. Alikuwa amekaa kitako, miwani puani, anatia kiraka.

"Shikamoo, mama," daktari alisema, akikiinamia kipete.

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilitokea kinywani mwa mgonjwa. "Sogeza taa huku. Tangu nije nashona kwa kupapasa."

Nesi akaandika kwenye fomu: kidonda kimoja, upana sentimita mbili, mama yupo.

Uhai wake mama alikuwa fundi wa viraka, wa kuziba suruali mpaka mwenyewe asahau palipotoboka.

"Na wewe binti, nisikilize," akaendelea. "Nashona kutwa. Kukicha unanimwagia vidonge, mshono unafumuka, naanza upya. Nilikuzaa na akili hizo?"

Binti alitaka kujibu. Kipete kilimzuia, na ikawa mara ya kwanza mama kumaliza maneno yake bila kukatizwa. Chozi likamtoka. Nesi akalifuta kwa pamba.

Daktari alichukua vinyama vitatu vya kupima, mama akishika kingo za kidonda zisitikisike. Siku ya majibu alisema, "Si vijidudu, dada. Ni vidonge vya lile sinia. Acha kabisa. Utameza dawa ya kupunguza asidi wiki nane, kisha tutatazama tena." Chini ya cheti akaongeza uzi mweupe wa pamba wa kumeza, pima moja kila asubuhi, nusu saa kabla ya kula.

"Kidonda kikifunga, mama atabaki?"

Daktari alikuna kidevu. "Mimi natibu vidonda tu."

Mgongo ulirudi na hasira zake zote. Wiki ya tatu moto ulipoa. Lakini mama alikuwa na kawaida ya kuimba puani wakati binti akitafuna, na kufikia wiki ya sita wimbo ulikuja siku moja moja, tena nusu. Afya ikamwia chungu. Asubuhi moja sinia lilipofika, akachukua vidonge viwili, akaachama.

"Thubutu!" kinywa kikasema.

Msimamizi akainua macho kutoka kwenye daftari. "Nani huyo?"

"Mama yangu."

"Mwambie hapa ni kazini."

Mpiga pasi akavirudisha kwenye sinia, kimoja kimoja.

Wiki ya nane kioo kilionyesha tumbo la rangi ya waridi, tupu, na mshono mdogo wa kutafutwa kwa tochi. Kipete kilipotolewa, mpiga pasi alilia bila kificho. Daktari alimwacha amalize.

"Jana nilimkuta tumboni mwa mwenzako, yule mpiga pasi wa kola," akamwambia. "Kakusalimu sana. Kasema usimngoje, kazi ya pale kwenu haiishi leo wala kesho."

Jumatatu sinia lilikuwa jipya, pana zaidi. Msimamizi alilibeba kwa mikono miwili, daftari kwapani. Viti havikuwapo. Mpiga pasi wa mikono akamwendea wa kola, akasimama mbele yake kama mtu aliyebisha hodi. Mwenzake, bila kuulizwa, akaachama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Haya, kashike pasi. Na umwambie yule wa mifuko asimeze. Mimi ni mmoja tu."

Wa mifuko alikuwa ameshameza.